Nani Anayechunga Maziwa Usiku?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi nauliza: mbona biolojia na fizikia tunazisoma kana kwamba hazijuani?

Likizo iliyopita nilijaribu kutengeneza yogati kwetu Njoro. Nilichemsha maziwa, nikayaacha yapoe kidogo, nikatia kijiko cha yogati ya dukani, nikafunika sufuria kwa blanketi. Asubuhi, lo! Maziwa ni maji vilevile. Bakteria wa yogati hupenda joto la nyuzi 42 hivi, na baridi ya Njoro mnaijua. Mimi nimelala fofofo, nani angewachunga?

Kiwandani mchungaji halali. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili vijidudu vya maradhi vife. Kipimajoto kilicho kwenye bomba hutoa habari kila wakati. Joto likipungua, vali hujigeuza yenyewe na kuyarudisha maziwa yakapashwe upya. Yogati nayo hupimwa uchachu. Ikifika pH 4.6 hivi, imeganda, hivyo hupozwa ili isizidi kuchacha. Kupima, kulinganisha, kurekebisha: siri yote ndiyo hiyo.

Kuna wanaosema ati hayo ni mambo ya Ulaya. La hasha! KCC ilianzishwa Naivasha mwaka wa 1925. Na kabla ya hapo, akina mama wa Kikalenjin walikuwa wakitengeneza mursik: husugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet, hungoja siku zake, hunusa, huonja. Huko pia ni kudhibiti, ila kwa pua na ulimi. Hata chanjo za mifugo, ambazo hapa nchini hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi iliyoundwa mwaka wa 1990, hutegemea viumbe hai wanaotaka joto lao sawasawa.

Wengine wanahofu kwamba mashine zitawanyima watu kazi. Hofu hiyo siidharau. Vali ikijifunga yenyewe, aliyekuwa akiifunga kwa mkono atakula wapi? Lakini tukikataa kujifunza, siku mashine itakapoharibika ataitwa fundi kutoka mbali, nasi tubaki kufagia sakafu. Tena kipimajoto kikisema uongo, kompyuta nayo huuamini. Atakayeugundua ni mtu anayeyajua maziwa na mashine pia.

Kwa hivyo naomba hivi: klabu ya sayansi itengeneze kisanduku chenye balbu, kipimajoto na swichi inayojizima joto likizidi na kujiwasha likipungua. Walimu wa biolojia na fizikia watusimamie pamoja. Samaki mkunje angali mbichi, nasi bado tu wabichi.

Maziwa nitaleta mimi. Safari hii nitalala bila wasiwasi.