Kijana Aliyepungukiwa Pointi Moja

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, haukumgusa kijana wa kidato cha sita aliyepata alama asizozitarajia, kwani huyo hakupata kuwamo katika orodha hiyo. Yeye anakabili macho ya baba aliyeuza ng'ombe ili amsomeshe, na kimya cha walimu wake.

Kimya hicho ndicho cha kulaumiwa. Sharti la kuingia chuo kikuu ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. D ni pointi 2, na E ni 1. Basi mwenye D moja na E moja amepungukiwa pointi moja tu! Aweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aweza pia kusoma stashahada, na akipata wastani wa 3.0 akaomba nafasi chuo kikuu. Njia hiyo ni ndefu, tena ina gharama, na si haki kumficha.

Matokeo hutoka mwezi Julai, wahitimu wakiwa wamekwisha kutawanyika makwao. Wakuu wa shule huhesabu divisheni za kwanza kwa ajili ya taarifa ya wilaya. Kijijini, aliye karibu na kijana huyo ni mwalimu wa shule ya msingi au afisa elimu wa kata. Nusu saa ya kumweleza hayo, baba yake akisikia, haihitaji bajeti wala waraka wa wizara.