Kuchagua Chuo cha Udaktari kwa Matokeo Yasiyolingana

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, hutokea kundi la vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Biolojia ambao hawajui wafurahi au wahuzunike. Si wale waliofaulu vizuri masomo yote matatu, maana hao njia yao i wazi. Wala si wale walioanguka kabisa. Ni wale ambao karatasi yao ina alama ya juu katika somo moja, ya wastani katika la pili, na ya chini katika la tatu. Wengi wao wamekuwa wakiitwa "daktari" nyumbani tangu shule ya msingi. Sasa wana majuma machache ya kuamua waombe nafasi katika vyuo vipi, na uamuzi huo aghalabu hufanywa kwa uvumi, kwa fahari, au kwa hofu.

Haifai kuwa hivyo. Kuchagua mahali pa kuomba ni jambo linalohitaji hesabu na busara, nalo laweza kufundishwa kama linavyofundishwa jaribio la maabara. Mwanafunzi mwenye alama zisizolingana hana budi kuchagua kwa njia tofauti na mwenzake mwenye alama zilizo sawa, na shule nyingi bado hazimfundishi njia hiyo.

Swali jipya

Zamani swali hili halikuwapo. Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Aliyetaka kusomea udaktari Afrika Mashariki alikwenda Makerere. Mwaka 1963 ilianzishwa shule ya udaktari mjini Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa muda wa kizazi kizima, kuomba udaktari nchini kulikuwa na maana ya kuomba Muhimbili.

Katika miaka ya 1990 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1997 vilianza vyuo vya Hubert Kairuki mjini Dar es Salaam na cha KCMC mjini Moshi. Mwaka 2003 kikafuata cha Bugando, Mwanza. Baadaye mafunzo ya udaktari yakafika Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilipokea maombi yote kwa mfumo mmoja wa pamoja. Mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kupeleka maombi yao moja kwa moja vyuoni. Hivyo mzigo wa kuchagua, ambao zamani haukuwapo na kisha ukabebwa kwa sehemu na mfumo, sasa umemwelemea kijana mwenyewe, mzazi wake na mwalimu wake.

Kizingiti na ushindani

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuna vipimo viwili, na watu wengi huvichanganya. Kipimo cha kwanza ni kizingiti, yaani kiwango cha chini ambacho mwombaji asipokifikia ombi lake halitazamwi. Kipimo cha pili ni ushindani. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji waliovuka kizingiti, chuo huwapanga kuanzia juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Kuvuka kizingiti, basi, ni kupata ruhusa ya kushindana tu. Kila mwaka wako vijana wanaosema, "Nina sifa, lakini nimenyimwa." Hawakunyimwa. Walikuwa na sifa ya kuingia uwanjani, na wenzao wakawashinda.

Kwa mwenye matokeo yasiyolingana, tofauti hii ina uzito wa pekee. Katika hesabu inayotumika, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Tuseme mwanafunzi wa kwanza amepata A katika Biolojia, B katika Kemia na E katika Fizikia: jumla yake ni 10. Mwanafunzi wa pili amepata C katika Biolojia, C katika Kemia na B katika Fizikia: jumla yake pia ni 10. Ukitazama jumla peke yake, utadhani wako sawa. Lakini chuo kikidai angalau D katika kila somo, mwanafunzi wa kwanza amekwisha kutoka mashindanoni, ijapokuwa Biolojia yake ni bora kuliko ya mwenzake; na chuo kikidai B katika Kemia, anayetoka ni wa pili. Jumla huficha umbo la matokeo, na vizingiti hutazama umbo.

Kwa sababu hiyo, kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, kinachotolewa upya kila mwaka, yafaa kisomwe mstari kwa mstari, tena kile cha mwaka uleule wa kuomba. Masharti hubadilika. Hata herufi zenyewe zimepata kubadilika thamani: kwa waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015, C ilihesabiwa pointi 2 na D pointi 1, tofauti na miaka iliyotangulia na iliyofuata. Kaka aliyemaliza mwaka 2015 akimshauri mdogo wake kwa kutumia karatasi yake mwenyewe, aweza kumpoteza bila kukusudia.

Kuuliza alama zina maana gani

Baada ya hesabu, hapana budi kuuliza sababu. Alama ya chini katika somo moja yaweza kutoka katika vyanzo vitatu, na kila chanzo kinadai shauri lake.

Chanzo cha kwanza ni shule. Zipo sekondari ambako mwalimu wa Fizikia alihama katikati ya kidato cha tano asipatikane mwingine, au ambako vifaa vya maabara hutolewa kabatini siku chache kabla ya mtihani wa vitendo. Kijana wa namna hii hajapimwa uwezo wake. Limepimwa pengo la shule yake. Kwake yeye, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku akipata mafunzo ya kutosha katika somo lile, kwaweza kuwa na faida kubwa kuliko kukimbilia nafasi yoyote itakayotokea. Lakini kabla ya kulipa ada ya mtihani, aulize kwanza vyuo anavyovitaka kama vinakubali matokeo yaliyopatikana katika mitihani ya miaka miwili tofauti.

Chanzo cha pili ni mkasa: ugonjwa, msiba, mafuriko. Hapa nako kurudia kuna maana, iwapo mkasa umekwisha kupita.

Chanzo cha tatu ni mwanafunzi mwenyewe, na hapa ukweli husemwa kwa shida. Aliyepata alama ya chini katika Kemia, ingawa alikuwa na mwalimu mzuri, maabara na afya njema, ajue kwamba mwaka wa kwanza wa udaktari atakutana na baiokemia, na ya Kemia hayatakuwa yamekwisha. Wala Fizikia si pambo. Shinikizo la damu ni fizikia ya vimiminika. Miwani ni fizikia ya mwanga. Picha za eksirei na mashine za mawimbi ya sauti zinazomtazama mtoto tumboni ni fizikia tupu. Wako wanaosema kwamba mwenye alama zisizolingana asiruhusiwe kabisa kugusa mgonjwa. Hoja hiyo imepita kiasi, maana kazi ya kizingiti ni hiyohiyo ya kulinda wagonjwa, na baada ya kizingiti kuna miaka mitano ya mitihani na mwaka mmoja wa utarajali. Hata hivyo, ina chembe ya kweli: udhaifu usiotibiwa shuleni haupotei kwa kuvaa koti jeupe.

Chuo kipimwe kwa nini?

Vijana wengi hupanga vyuo kwa umaarufu, kisha huweka majina yote matatu au manne yanayotajwa zaidi. Kwa mwenye alama zisizolingana hilo ni sawa na mvuvi kutega nyavu zote katika mkondo mmoja, tena ule wenye mitumbwi mingi kuliko yote. Mapokezi yakimwendea vibaya katika chuo kimoja, yatamwendea vibaya katika vyote, kwa kuwa wanaomshinda ni walewale.

Yafaa orodha yake iwe na ngazi. Aweke chuo kimoja anachokitamani, ambacho ameshavuka kizingiti chake ijapokuwa ushindani ni mkali. Aweke viwili ambavyo waliopokelewa mwaka uliopita walikuwa na matokeo yanayokaribiana na yake. Hatimaye aweke kozi moja ya afya ambayo ana hakika ya kuipata, nayo iwe kozi ambayo yuko tayari kuisoma kwa moyo wake wote. Chuo ambacho kizingiti chake hajakivuka kisiwekwe kabisa. Kuomba huko ni kutupa ada ya maombi, na katika nyumba ya mkulima ada hiyo ni fedha ya mbolea.

Vyuo vilivyo katika ngazi moja visipimwe kwa sifa ya jina. Katika Tanzania Bara, wahitimu wote wa udaktari husajiliwa na Baraza moja la Madaktari, awe ametoka Dar es Salaam, Mwanza au Ifakara. Mgonjwa aliyeletwa usiku kwa machela haulizi daktari amesoma wapi. Maswali yenye faida ni mengine. Je, chuo kimetambuliwa na Tume, na kozi yenyewe imeidhinishwa? Kina hospitali ya kufundishia yenye wagonjwa wa kutosha na mabingwa wa kuwafundisha wanafunzi kitandani? Ada ni kiasi gani, na familia itafanyaje iwapo Bodi ya Mikopo itatoa sehemu tu ya gharama? Kijana aliyepokelewa katika chuo asichoweza kukilipia hadi mwaka wa tano hajapata nafasi, amepata deni.

Kwenda ng'ambo

Wakikosa nafasi nchini, wengine huelekezwa ng'ambo na mawakala wanaoahidi nafasi bila kujali alama. Kusoma nje si kosa. Madaktari wengi hodari wa nchi hii walisoma nje. Lakini ahadi ya kutotazama alama yafaa imtie shaka msikilizaji. Kozi hutofautiana, lugha ya wagonjwa huwa ngeni, na tuzo hapana budi itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu ndipo mhitimu aanze safari ya usajili. Tume iulizwe kabla ya nauli kulipwa. Tena, mambo ya dunia hayatabiriki: Februari 2022 vita vilipopamba moto Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa kigeni, wengi wao wa udaktari, walikimbia wakiacha masomo katikati.

Milango mingine

Iko pia njia ndefu, ambayo watu huidharau bila sababu. Nchi hii imekuwa na ngazi ya kupanda katika kazi za tiba tangu zamani. Katika miaka ya 1970 mganga msaidizi wa vijijini aliweza kupanda hatua kwa hatua, na wako waliofika udaktari kamili. Leo mwenye stashahada ya utabibu, inayochukua miaka mitatu, aweza kuomba udaktari iwapo amefaulu kwa kiwango kinachotakiwa na ana masomo ya lazima ya kidato cha nne. Anapofika chuoni, huyu amekwisha kukaa na wagonjwa, na wenzake wa mwaka wa kwanza humwuliza maswali.

Hali kadhalika famasia, uuguzi, sayansi ya maabara, afya ya mazingira, lishe na tiba ya mifugo si makombo ya waliokosa udaktari. Kipimo cha malaria kikisomwa vibaya maabara, dawa ya daktari hodari itakwenda kwa ugonjwa usiokuwapo. Mwenye A katika Biolojia na E katika Fizikia huenda akalitumikia taifa vizuri zaidi katika mojawapo ya kazi hizi kuliko akipoteza miaka mitatu akibisha mlango mmoja.

Kazi ya walimu

Ushauri wa namna hii hautoki hewani. Kila sekondari yenye mchepuo wa sayansi yaweza kufungua daftari moja na kuandika humo, kwa kila mhitimu: alama za masomo yake matatu, vyuo alivyoomba, alikopokelewa, na katika awamu ipi. Majina yaachwe, namba zatosha. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na takwimu zake yenyewe, na mwalimu ataweza kumwonyesha mwanafunzi waliomtangulia wenye matokeo kama yake walifika wapi. Gharama ya utafiti huo ni daftari na kalamu, nao utawafundisha wanafunzi kwamba sayansi huanzia katika kuhesabu kilicho mbele ya macho.

Jambo la pili ni kuacha kupima heshima ya shule kwa idadi ya waliokwenda chuo fulani. Fahari hiyo humfanya mwalimu amsukume kijana mahali anapojua atakataliwa, kisha kijana arudi nyumbani mwaka mzima akiamini kwamba hafai kitu. Hospitali za wilaya zinahitaji watu wa afya wa kila daraja, na haziwezi kumsubiri kijana mwenye uwezo aliyepotezewa mwaka kwa sababu hakuna aliyekaa naye nusu saa kuisoma karatasi yake ya matokeo. Nusu saa hiyo ni kazi ya mwalimu, nayo itolewe mapema, tangu kidato cha tano, wakati alama ya chini ingali inaweza kupandishwa.