Mwalimu Anamjua Mtoto Wako?



Mtoto akirudi mchana na kusema, "Sitaki tena shule," wengi wetu tunaanza na fimbo, kisha ndipo tunauliza. Tunasema ni uvivu, au ni njaa. Njaa ipo, nani atakataa? Lakini juma hili nataka tutazame jambo lingine: mtoto huyo na mwalimu wake wanaishi namna gani darasani?

Hapa Kashuga darasa moja linakusanya watoto wa kijiji, wa kambi, na waliofika juzi wakikimbia vita. Mmoja nyumbani anaongea Kihunde, mwingine Kinyarwanda, na wa upande wa Walikale wana Kinyanga. Kwa sheria ya elimu ya 2014, miaka ya kwanza ya shule ya msingi inafundishwa kwa lugha ya taifa, na kwetu ni Kiswahili. Baadaye kinaingia Kifaransa. Mtoto mdogo anavuka lugha tatu! Akinyamaza, mwalimu anaona hana akili, kumbe anatafuta neno.

Na kuna maneno yanayofunga kinywa. "Wewe wa kambi." "Ninyi watu wa kule." Mwalimu anaweza kusema hivyo akicheka tu, ila wenzake wanalichukua, na saa ya mapumziko limekwisha kuwa jina lake. Mtoto wa hivyo akiacha shule, sote tunajua ni nani wanaomngoja barabarani.

Mbali sana, huko Nyuzilandi, mwaka 2001 watafiti walianza kazi iliyoitwa Te Kotahitanga. Waliwasikiliza vijana wa Wamaori, wenyeji wa nchi ile, ambao wengi walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Waliuliza pia wazazi na walimu. Walimu wengi walisema shida ni mtoto mwenyewe na nyumba anakotoka. Vijana na wazazi walisema zaidi juu ya namna mwalimu anavyokaa na mwanafunzi. Wasamoa, ambao nao ni wengi huko, wana neno *va*: ni ile nafasi iliyo kati ya mtu na mtu, ambayo inatakiwa kutunzwa. Mimi naiona kama njia kati ya nyumba mbili. Isipopitwa, majani yanaifunika.

Tusiwaonee walimu. Tangu Septemba 2019 serikali ilipoanza kutimiza shule ya msingi ya bure, ambayo Katiba ya 2006 iliahidi, watoto wamejaa madarasani. Hilo ni jema. Lakini kuna walimu wa NU ambao hawako bado kwenye orodha ya mshahara, na ile prime ya wazazi ndiyo iliyokuwa inawalisha. Mtu aliyelala njaa uvumilivu wake ni mfupi. Hata hivyo, kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya franga, hapana. Deni ni la wazazi, waitwe wazazi.

Sisi wamama tunafika shuleni siku ya kuandikisha mtoto na siku ya ugomvi. Nenda siku ambayo hakuna shida. Sema: "Mwalimu, huyu ni wangu. Nyumbani tunaongea Kinyanga. Tulikimbia usiku, na mpaka leo anashtuka akisikia kishindo." Dakika tano zinatosha, na hauhitaji kujua kusoma. Mwenye shamba la mbali asiyeweza kufika, wenzake wa likelemba wamchague mmoja aende kwa niaba yake.

Ila urafiki wa mwalimu na mwanafunzi una mpaka wake, na hapa nasema wazi juu ya binti zetu. Mwalimu anayemtuma msichana kupeleka maji nyumbani kwake, au anayemwita peke yake kuzungumza habari ya pointi, huyo hamtunzi mtoto. Kwa sheria ya 2006 juu ya ubakaji, aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa amekubali. Mbuzi wanaoletwa usiku kwa baba hawaondoi kosa. Binti akisema ametendewa, mwamini kwanza, mpeleke kwenye kituo cha afya au hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia ukimwi baada ya hapo haisaidii. Mambo ya aibu ya jamaa yatangoja.

Kwa mkutano wetu ujao, kila mama aje na jina la mwalimu wa kila mtoto wake. Nimeuliza wachache pale sokoni, na wengi walijibu tu, "Yule mrefu."