Kiinua Mgongo Baharini



Siku moja, baada ya swala ya Alasiri, alitujia ofisini mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga. Ametimiza miaka 60, amestaafu, na kiinua mgongo chake kimekwisha ingia benki. Alikaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bwana Katibu," alisema, "wanangu wananicheka, na mama yao leo ni siku ya tatu hasemi nami ila kwa salamu. Nataka kununua boti."

Kununua boti katika mji kama wetu si jambo la kuchekesha. Kilichowachekesha watoto ni matumizi yake. Mzee hataki kuvua wala kubeba abiria. Anataka avutwe nyuma ya boti hiyo kwa kamba, akiwa amesimama juu ya skii mbili, ateleze juu ya maji. Katika ujana wake alishika usukani wa boti ya hoteli moja ya pwani, akiwavuta wageni asubuhi na jioni. Miaka yote ile aliwaona wakicheka na kuanguka na kuinuka, yeye akiwa amegeuza shingo kuwatazama, na hakuna siku hata moja aliyoishika kamba yeye mwenyewe.

Mkewe ana hoja mbili, nazo si za kupuuzwa: fedha ni za uzeeni, na mgongo wa mumewe umeanza kulalamika tangu kabla ya kustaafu. Mzee naye alitaka tumwambie jambo moja tu, kama ni aibu kwa mtu wa umri wake kuanza mchezo wa vijana. Tulimwomba atupe siku mbili, kwa kuwa hatupendi kujibu jambo la watu kwa haraka, tukaenda kusoma.

Tuanze na dhana ya kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Ulizaliwa Marekani katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, ukingoni mwa Ziwa Pepin, ambalo kwa hakika ni Mto Mississippi uliotanuka. Katika kiangazi cha mwaka 1922 kijana wa huko aitwaye Ralph Samuelson, mwenye miaka 18, alijiuliza: ikiwa watu huteleza juu ya theluji, kwa nini wasiteleze juu ya maji? Akajifunga miguuni mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama vilevile. Ndipo akanunua mbao mbili za msonobari, kila moja ikiwa na urefu wa meta 2.4 na upana wa sentimeta 23 hivi, akazichemsha ncha zake katika chombo cha shaba cha mama yake hadi zikalainika, akazipinda zielekee juu, akazibana mpaka zikakauka. Wasomaji wetu akina mama wanaweza kukisia yaliyosemwa jikoni siku hiyo. Mahali pa kuingiza miguu alipigilia vipande vya ngozi, na mpini wa kamba ulikuwa pete ya chuma.

Nduguye aitwaye Ben ndiye aliyemvuta kwa boti. Siku kadhaa zilipita za kuanguka tu, watu wakitazama. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, Samuelson alibadili jambo dogo: badala ya kuinamia mbele, aliegemea nyuma, akaziacha ncha za mbao zichomoze juu ya maji. Boti ikavuta, akasimama.

Siri yote ya mchezo huu imo humo. Ubao ukilala umeinuka kidogo upande wa mbele, husukuma maji chini, na maji nayo huusukuma juu. Mwendo ukitosha, mtu huinuka bila kujiinua. Ncha zikizama, maji huzigeuza kuwa jembe. Hadi leo anayeanza hufundishwa akae majini kama mtu aliyechuchumaa, magoti kifuani, mikono imenyooka, kamba katikati ya skii mbili, kisha asubiri. Kosa la karibu kila mtu ni kuivuta kamba kwa nguvu za mikono, au kutaka kusimama kabla boti haijamsimamisha.

Samuelson hakuandikisha uvumbuzi wake serikalini. Mwaka 1925 mtu mwingine, Fred Waller, yule ambaye baadaye alivumbua sinema ya kioo kipana iitwayo Cinerama, alipata hataza ya skii za majini alizozibuni yeye. Mwaka huohuo Samuelson aliruka kwa skii juu ya jukwaa la mbao lililoinamishwa na kupakwa mafuta. Kisha akaumia mgongo akiwa kazini, akauacha mchezo, akawa mfugaji wa batamzinga. Jina lake likafifia hata mwaka 1963, mwandishi mmoja wa gazeti alipoziona mbao zile za kale huko Lake City na kuuliza ni za nani. Mwaka 1966 chama cha mchezo huo nchini Marekani kikamtambua kuwa ndiye wa kwanza. Alifariki mwaka 1977.

Mgongo uliomtoa Samuelson majini ndio uliomwingiza mwenzake. George Blair alizaliwa mwaka 1915, akawa mfanyabiashara, na alikuwa amefikia miaka 40 hivi alipofanyiwa upasuaji mkubwa wa uti wa mgongo. Akiwa Florida akijiuguza ndipo akajifunza kuteleza juu ya maji. Alipofika miaka 46 akaziacha skii kabisa, akawa anateleza kwa nyayo tupu, jambo linalohitaji boti iende kasi ya kilometa 60 kwa saa au zaidi, kwa kuwa unyayo ni mdogo kuliko ubao. Alipenda mavazi ya rangi ya manjano na kugawa ndizi, hata watu wakamwita "Banana George". Mwaka 2002, akiwa na miaka 87, aliteleza kwa nyayo tupu na kuingizwa katika kumbukumbu za Guinness kwa umri wake. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 98.

Mzee alipotujia mara ya pili na kusikia kisa cha Blair, uso wake ulinawiri. Tukamzuia hapohapo. Mtu mmoja aliyepona si dawa ya kila mgongo. Boti inapoanza kuvuta, mzigo wote hupita mikononi ukaishia kiunoni, na anayeanguka kwa kasi hukutana na maji magumu kama sakafu. Hoja ya mkewe ilisimama: aende kwanza kwa daktari, aeleze kwa ukweli anachotaka kufanya, asiseme tu "mazoezi mepesi". Akaenda. Akaambiwa aimarishe misuli ya tumbo na mapaja kwa miezi miwili, asiteleze kwa kasi kubwa, na aache siku mgongo utakaposema.

Tulikwenda kumwona mama nyumbani kwake, tukiwa pamoja na mzee. Hakukataa kutusikiliza. Alisema, "Mwanangu Katibu, mimi siogopi wazee kucheka. Naogopa rafadha." Tulifurahi kusikia hivyo, kwa sababu hofu yake ilikuwa mahali panapostahili. Katika mchezo huu maji hayajeruhi kama ijeruhivyo rafadha ya boti ileile inayokuvuta. Kwa hiyo tulikaa pale barazani, tukayapitia mambo yote moja baada ya moja, na mzee mwenyewe, aliyeendesha kwa miaka mingi, akawa mwalimu wetu.

Kuteleza majini ni kazi ya watu watatu. Yupo anayeteleza, yupo nahodha, na yupo mtazamaji, ambaye hukaa akielekea tezi, mgongo kwa nahodha, macho yake yasibanduke kwa mtu aliye kwenye kamba. Nahodha anayeendesha huku akigeuza shingo, kama alivyofanya mzee wetu kwa miaka yote ile, ni nahodha asiyeona mbele. Alikiri mwenyewe kwamba hotelini walimnyima mtazamaji ili kupunguza mshahara wa mtu mmoja, na kwamba siku moja alikaribia kuupanda mtumbwi wa mvuvi. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mkewe, aliyekuwa hajawahi kulisikia, alimtazama kwa muda mrefu.

Kwa kuwa ngurumo ya injini hummeza msemaji, watu hawa watatu huzungumza kwa mikono. Dole gumba juu ni kuongeza mwendo. Dole gumba chini ni kupunguza. Kiganja kikipita shingoni ni kuzima injini. Kupiga utosi ni kuomba kurudishwa pwani. Na mtu akianguka, jambo la kwanza ni kuiachia kamba, la pili ni kufumbata mikono juu ya kichwa, maana yake ni mzima. Asipofanya hivyo, boti hurejea kwake upesi, ila kwa utulivu, naye akiwa daima upande wa nahodha ili aonekane. Na kabla hajagusa ngazi, injini huzimwa. Si kuitoa gia tu. Huzimwa. Nahodha naye hujifunga ile kamba fupi ya kuzimia injini, ili akitupwa majini boti isibaki ikizunguka peke yake.

Jaketi la kuokolea maisha halina mjadala, hata kwa anayeogelea kama samaki, kwa kuwa aliyezimia haogelei. Vazi la mpira lifunikalo mwili nalo lina faida zaidi ya sitara na joto: anayeanguka kwa kasi bila vazi linalobana anaweza kuumizwa ndani na maji yaingiayo mwilini kwa nguvu, wanawake hasa. Mabinti wanaotaka kujifunza wasiambiwe kwamba vazi la heshima ni kikwazo. Hapa ndilo linalofaa.

Tukaja kwenye fedha. Hapa tulimwambia wazi, kwa adabu: "Mzee wetu, usinunue boti mwaka huu." Boti ya faiba na injini yake si bei ya kununulia tu. Kuna petroli, na injini inayovuta mtu hunywa kuliko ile inayokwenda tupu. Baada ya kila safari injini isafishwe kwa maji baridi yasiyo chumvi, la sivyo chumvi huila kimyakimya. Waliolelewa na mashua za mbao wanakumbuka kukalafati na kupaka sifa. Faiba imeondoa hayo, haikuondoa gharama. Rafiki yake wa kazi ya zamani anayo boti. Wachangie petroli, mzee anunue kamba ya meta 23, skii za mkono wa pili na majaketi matatu mazuri, aone kama baada ya msimu mmoja bado analitamani jambo hili. Alinyamaza. Halafu akasema kwamba kwa miaka 40 aliendesha boti isiyo yake na hakufa, hivyo mwaka mmoja zaidi hautamuua. Mama akacheka, na ndicho kicheko cha kwanza siku ile.

Ghuba yetu inafaa. Kisiwa cha Toten hukinga sehemu yake, na anayeijua bahari anajua kwamba haina haja ya kupigana nayo: kusi linapovuma kwa nguvu, mtu akae nyumbani, wakati wa maleleji, pepo zikibadilishana zamu, maji hulala. Kila siku, hata hivyo, ina saa yake njema, baina ya Alfajiri na pale upepo unapoamka. Achague maji yaliyojaa, ili asije akaangukia mwamba uliofichika kwa kina cha goti.

Miezi miwili ilipopita, tuliitwa. Tuliswali Alfajiri, tukatembea hadi ufukwe wa Raskazone kukiwa bado na kiza chembamba. Rafiki alikuwa kwenye usukani. Binti mkubwa wa mzee, aliyekuwa wa kwanza kumcheka, alikaa akielekea tezi, jaketi limefungwa hadi shingoni, macho kwa baba yake. Tulisikia baadaye kwamba alikuwa amezifanyia mazoezi ishara zote mbele ya kioo. Mama alikuwa juu ya ukuta wa mawe na kikapu cha vitumbua kilichofunikwa kanga.

Mara ya kwanza mzee aliivuta kamba kwa mikono, kosa alilokuwa amewakanya wageni mara elfu, akaangukia uso. Mara ya pili ncha zikazama. Mara ya tatu skii moja ikaenda kaskazini na nyingine kusini, na vijana wa kutega nyavu waliokuwa karibu wakapiga vigelegele vya kejeli. Mara ya nne aliketi majini muda mrefu, mikono imenyooka, hajavuta chochote. Boti ikaondoka, maji yakafanya tuta mbele ya magoti yake, na mzee akainuka polepole, amepinda kama mtu anayenyanyuka kitini, kisha akanyooka. Tulihesabu hadi kumi na saba. Halafu akaanguka kwa kishindo, na kamba ikaenda peke yake.

Mama alisimama ukutani. Kule majini kilionekana kichwa, kisha mikono miwili iliyofumbatwa juu yake.

"Ile maana yake nini vile?" alituuliza, ingawa alikuwa ameijifunza pamoja nasi barazani.

"Mzima," tukamjibu.

Akaketi tena, akafunua kikapu. "Basi mwambieni ana zamu moja tu iliyobaki," alisema. "Vitumbua vinapoa."