Nyoka wa Whitby Asiye Nyoka

Ndugu msomaji, mtoto akikuletea kitu cha ajabu na kukuuliza ni nini, usifanye haraka kumpa jina. Mwambie kwanza akitazame vema. Faida ya desturi hiyo yadhihirika katika kisa cha mawe ya Whitby, mji ulio katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza.

Katika majabali ya pwani hiyo hupatikana mawe yaliyojiviringa mfano wa nyoka aliyelala. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba Hilda, mtawa aliyeanzisha nyumba ya watawa hapo mwaka 657, aliwageuza nyoka kuwa mawe na kuwakata vichwa. Mafundi nao wakaona biashara: wakachonga vichwa juu ya mawe hayo na kuwauzia wageni. Hata nembo ya mji ikatiwa nyoka watatu waliojiviringa.

Lakini jiwe lenyewe lakanusha habari hiyo. Mengi ya mawe hayo ni magamba ya amonaiti wa jamii iitwayo Dactylioceras, aliyeishi baharini miaka ipatayo milioni 180 iliyopita. Likipasuliwa katikati, huonekana vyumba vidogo vidogo vilivyotenganishwa kwa kuta. Mnyama alikaa katika chumba cha mwisho, kilicho kikubwa kuliko vyote. Vingine vilimsaidia kuelea. Nyoka hana vyumba. Jamaa za amonaiti walio hai leo ni pweza na ngisi.

Tazama sasa upande wa nje. Mizunguko yote yaonekana, kwa kuwa mmoja haumfichi mwenziwe. Mbavu zimepangana karibu karibu. Kila moja hupanda pembeni, aghalabu hugawanyika mara mbili karibu na mgongo, kisha huvuka mgongo bila kukatika. Hapo ndipo ilipo tofauti yake na Hildoceras, amonaiti mwingine wa pwani ile aliyepewa jina la yule mtawa: huyo mgongoni ana ukingo uliosimama kati ya mifereji miwili. Wataalamu hudhani kwamba mbavu ziliimarisha gamba jembamba, kama vile mikunjo inavyolitia nguvu bati la nyumba.

Mbavu hizo zilikuwa wazi mbele ya macho ya fundi alipokuwa akichonga kichwa. Basi, wazazi wenzangu, tusiongeze kichwa pasipo na kichwa. Mtoto akiuliza tusilolijua, tuketi naye, tuhesabu mbavu.