Meli Kubwa na Gunia la Mkulima

Ndugu wanachama,

Wako wadhanio kwamba meli kubwa za makontena ni habari ya matajiri wa ng'ambo, haimhusu mkulima wa karafuu. Sisi twaona yamhusu, tena sana.

Mwaka 1956, huko Marekani, meli Ideal-X ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Mwaka 2013 ikatoka Korea ya Kusini meli Maersk Mc-Kinney Møller, urefu mita 399, upana mita 59, yenye nafasi ya makontena 18,270 ya futi 20. Walioichora hawakutafuta mbio. Tumbo lake walilipanua mfano wa herufi U, makontena yapangike mengi hadi chini. Chumba cha nahodha wakakisogeza mbele, yarundikwe juu bila kumziba macho. Wakatia injini mbili za mwendo wa polepole ili kupunguza mafuta. Winchi za kupakia haina. Hungoja za bandari. Basi meli ya namna hii haiji gati ndogo za visiwani. Shehena yetu hutangulia kwa chombo kidogo, ikahamishwa bandari kubwa.

Faida ya ukubwa huo ni nauli nafuu. Lakini ipo hatari. Katika meli za zamani magunia yalikaa ngamani, na mabaharia waliweza kuyapitishia upepo. Leo gunia lafungiwa ndani ya sanduku la chuma, lenye kupigwa na jua mchana na baridi usiku, wala halifunguliwi mpaka mwisho wa safari. Karafuu zikiwa na unyevu, mvuke hupanda, hugusa dari iliyopoa, ukarudi chini matone. Hapo huota ukungu, na aliyeanika vizuri hupata hasara kwa ajili ya jirani aliyefanya haraka.

Kwa hiyo twasema wazi: kuchanganya mbichi na kavu ili kuongeza uzito ni dhuluma kwa wenzetu. Tuanike mpaka karafuu ikikunjwa ikatike. Nao wapakiaji twawaomba wakague kila kontena kabla ya kutia gunia: mtu aingie, afungiwe mlango, atazame kama mwanga wapenya. Penye kupenya mwanga, maji nayo yatapenya.

Mafundi watazidi kuchora meli kubwa zaidi. Lakini hapana meli itakayokausha karafuu iliyotoka shambani mbichi. Kazi hiyo ni yetu, majamvini.

Wabillahi tawfiq.

Katibu