Kavumu: Leseni ya rubani peke yake haitoshe kupata kazi

Kijana wa Bukavu anaweza kumaliza masomo ya urubani, akapata leseni, na bado akakosa kazi miaka na miaka. Wazazi wengi hawajue sababu: kila aina ya ndege kubwa inaomba kibali chake.

Leseni ya ndege si kama permi ya gari. Mwenye permi anaacha Toyota leo, kesho anaendesha gari ingine. Kwa ndege sivyo. Kufuatana na kanuni za OACI, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege yoyote yenye kuomba marubani wawili, rubani anapashwa kujifunza ile ile na kupimwa juu yake. Ndicho kibali cha aina ya ndege, kwa Kifaransa «qualification de type». Mwenye kuendesha Let 410, zile za viti 19 ambazo watu wa Kavumu wamezizoea, hawezi kupanda kuongoza jeti ya kukodishwa mbele ya kusoma upya.

Kavumu inajua uzito wa jambo hili

Tarehe 12 Februari 2012, jeti ya aina ya Gulfstream ilipita mwisho wa barabara ya kutua hapa Kavumu. Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu wa rais Kabila, alikufa, pamoja na marubani wote wawili. Matata Ponyo, waziri wa feza wa wakati ule, na gavana Marcellin Cishambo walipona. Haimaanishe kama wale marubani walikosa kibali. Lakini wakaaji waliona namna kiwanja hiki kinaomba hesabu kali. Kavumu iko karibu mita 1700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inatua na mbio zaidi, na kilometa mbili za barabara zinaisha haraka. Uzito gani, mbio gani, breki namna gani: kila aina ya ndege iko na majibu yake, na ndiyo yanafundishwa katika kibali.

Nani analipa?

Kwa jeti, masomo hayo yanafanyika mara nyingi inje ya inchi, katika mashini yenye kuiga ndege, na bei inafika makumi ya maelfu ya dola. Hapo kampani iko na njia tatu. Inatafuta mtu mwenye kibali tayari. Ndiyo maana kwa miaka mingi Antonov na Let za huku mashariki ziliongozwa na watu kutoka inchi za zamani za Usovieti, waliokuja na vibali vyao. Ao inamlipia kijana masomo, lakini anatia sinyatire ya kubakia kazini miaka fulani; akiondoka mbele, anarudisha makuta. Ao kijana anajilipia mwenyewe, na familia inauzisha shamba bila hakika ya kazi. Wengine wanaanza na Cessna Caravan, yenye kuongozwa na rubani mmoja, ili wakusanye masaa.

Kibali kinazeeka

Kupata si mwisho. Ili rubani abebe abiria, anapashwa kuwa ameruka na kutua mara tatu na aina ile ndani ya siku 90, na kupimwa tena kila mara. Kavumu iliingia mikononi mwa M23 tarehe 14 Februari 2025, na safari za abiria zikasimama. Rubani asiyepata ndege pengine, kibali chake kinalala kama panga lisilonolewa. Tena, tangu 2006 kampani za Kongo ziko kwenye liste nyeusi ya Umoja wa Ulaya, wenye kusema kama udhibiti wa serikali haujafikia kiwango.

Kwa hiyo mzazi, mbele ya kulipa minervali ya shule ya urubani, aulize mambo matatu: kisha leseni, ni aina gani ya ndege? Nani atalipa kibali? Mkataba unafunga miaka ngapi? Na siku Kavumu itafunguka, swali litabaki: ni watoto wa hapa watakaa mbele, ao watabaki kubeba mizigo?